Uko nje na unabadilisha simu? Namna ya kuhamisha eSIM bila kupoteza namba ya nyumbani

Mwezi wa nane mwaka jana dada yangu anayeishi Ujerumani alinunua simu mpya. Akahamisha picha, akahamisha WhatsApp, alafu akarudi kwenye simu ya zamani akafuta eSIM zote mbili, yaani laini zinazokaa ndani ya simu bila kadi, akijua zitajileta zenyewe kwenye simu mpya kama zilivyokuja picha. Ile ya Ujerumani aliirudisha jioni hiyohiyo. Ya Tanzania ilirudi mwezi wa kumi na mbili, alipopanda ndege akaja mwenyewe.

Miezi yote hiyo mimi ndo nilikuwa huku Dodoma nahangaika nayo. Nilipanda bajaji kutoka Nkuhungu mpaka mjini kwenye duka la kampuni ya simu, na lile vumbi la mwezi wa nane, nimebeba kopi ya kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, na barua aliyosaini kwamba mimi ni mdogo wake na ananiruhusu kushughulikia laini yake. Binti wa kaunta alinisikiliza vizuri kabisa, akaisoma ile barua yote, alafu akanisogezea kile kifaa cha alama za vidole akaniambia, "Mdogo wangu, hapa kinachotakiwa ni kidole cha mwenye laini, cha kwako kitakataa." Na ndivyo ilivyo, tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole zinazosomana na NIDA, na ukitaka kurudisha laini, yaani kurenew, unapita palepale. Kidole hakitumwi kwa WhatsApp.

Mtu asiyeishi nje anaweza kuona ni jambo dogo, namba si namba tu. Sio. Namba ile ndo ilikuwa inapokea OTP za benki, zile namba za siri za kuthibitisha muamala, ndo ilikuwa na pesa za kikoba, na mtoto wake anasoma hapa kwa bibi yake kwahiyo ada ilikuwa inalipwa kwenye akaunti ile ile ambayo sasa hawezi kuthibitisha muamala hata mmoja. Hela ipo, anaiona, haitoki. Kwahiyo haya ninayoandika hapa chini nayaandika polepole, nikiwafikiria ndugu wote walioko Ujerumani, Oman, China, Marekani na kwingineko ambao siku moja watanunua simu mpya.

Jua kwanza unahamisha laini ipi

Wengi mlioko nje mna laini mbili, ya huko mnakoishi na ya nyumbani, na hizi usizichukulie kama kitu kimoja. Ya huko unakoishi ni nyepesi kwasababu kampuni iko hapohapo, una akaunti yao, kitambulisho chako wanacho, ukikwama unaingia dukani kwao. Ya nyumbani kampuni yake iko Tanzania na kidole chako uko nacho wewe huko mbali. Kwahiyo anza na ile nyepesi, ikikamilika na umeona inavyoenda ndo uguse ya nyumbani, tena siku nyingine, usizifanye zote usiku mmoja ukiwa umechoka na kazi.

Na kingine ambacho watu hawakijui, eSIM sio faili. Ni kweli haishikiki kwa mkono lakini ndani ya simu kuna kichipu kidogo kilichochomelewa na ile laini inaandikwa mle, kwa simu ile tu. Bakapu ya iCloud au ya Google haiibebi. Ukifuta, umefuta, na ile picha ya QR, kile kiboksi cha madoa meusi kampuni inachokupa kuweka laini, uliyoskani mara ya kwanza mara nyingi inakuwa imeshatumika, ukiiskani tena inakataa. Hapo ndo dada yangu alipoangukia, alikuwa ameitunza ile QR kwenye imeili yake kwa amani kabisa akijua ndo akiba yake.

Kabla hujalipia hiyo simu mpya

Piga *#06#. Wabongo hii namba tunaijua vizuri tangu 2016, ile tarehe 16 Juni simu feki zilipozimwa, kila mtu alikuwa anaipiga kuangalia IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa simu. Sasa kwenye simu inayokubali eSIM, ukipiga hiyo unaona IMEI yenye tarakimu 15 na pia unaona kitu kinaitwa EID, namba ya kile kichipu cha eSIM, chenyewe kina tarakimu 32. Kama EID haipo, acha kwanza, uliza maswali.

Hapa nawasemea hasa mlioko China na wafanyabiashara wanaopitia Guangzhou: iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara zina sehemu mbili za kadi za kawaida na hazina eSIM kabisa. Simu ni original, ni nzima, ila eSIM yako haina pa kukaa. Na upande wa pili mlioko Marekani, iPhone zinazouzwa kule kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kadi, ni eSIM tu, na iPhone Air ndo haina tundu popote duniani. Kwahiyo mtu wa China akimuuzia mtu wa Marekani, au kinyume chake, laini inaweza kukosa mlango.

Angalia pia kama simu imefungwa kwa kampuni moja. Simu za mkopo au za mkataba nyingi zinakuwa hivyo. Kwenye iPhone unaingia setingi, sehemu ya jumla, alafu kuhusu simu, ukishuka chini utaona kama imeandikwa "No SIM restrictions", hapo iko huru. Kwa Android weka laini ya kampuni nyingine uone kama inashika mtandao.

Maandalizi, na hapa usiruke kitu

Chukua daftari. Kweli, daftari la karatasi. Andika kila kitu kilichoshikana na namba yako ya nyumbani: benki, pesa za simu, WhatsApp, imeili, akaunti za serikali, vikundi vya michango. Dada alipoandika wake baadaye walifika kumi na nne na yeye alikuwa anajua ni vitatu. Kwenye kila kimoja jiulize, nikikosa SMS wiki nzima hiki kitanizuia? Kama benki yako inaruhusu kuthibitisha kwa njia nyingine zaidi ya SMS, iwashe sasa, wakati namba bado iko hai, maana benki nyingi zikiona apu imefunguliwa kwenye simu mpya zinarusha OTP palepale.

Kama kuna malipo ya karibuni, ada, kodi, mchango wa msiba au harusi, yamalize kabla. Usihamishe laini wiki ya ada.

WhatsApp weka ile PIN yake ya tarakimu sita na uikumbuke. Namba ya NIDA, zile tarakimu 20, iandike mahali ambapo sio ndani ya simu unayobadilisha. Vocha iwepo kidogo kwenye laini ya nyumbani, na romingi, yaani laini kutumia mtandao wa nchi nyingine, iwe imewashwa, ya sauti na SMS, maana laini isiyo na romingi ukiihamishia simu mpya ukiwa nje utaona imeandika haina huduma, utadhani kuhamisha kumefeli kumbe ni romingi tu. Data romingi ndo uizime, hiyo ndo inakula hela.

Alafu wasiliana na kampuni yako ya simu ya nyumbani kabla hujagusa chochote. Zile namba fupi kama 100 usizitegemee ukiwa nje, tafuta namba ndefu inayoanza na +255, au WhatsApp yao rasmi au imeili, uzichukue kwenye tovuti yao wenyewe. Waulize maswali mawili na uombe wakujibu kwa maandishi: je, laini yangu ya eSIM naweza kuihamisha mwenyewe kutoka simu moja kwenda nyingine? Na kama siwezi, QR mpya mnatoa vipi kwa mtu aliyeko nje? Majibu ya hayo maswali mawili ndo yatakayokuongoza huko chini. Piga asubuhi ya Dodoma siku ya kazi, kwa aliyeko Ujerumani tumepishana saa moja wakati wao wa joto na masaa mawili wakati wa baridi, kwahiyo saa nne ya huku bado ni mapema kwako na una siku nzima mbele yako kama kitu kikikwama.

Mtu yeyote akikupigia yeye, akasema anatoka kampuni ya simu anataka kukusaidia kuhamisha eSIM, umtumie QR au OTP, huyo ni tapeli yuleyule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", amebadilisha shati tu. Kata. QR ya eSIM ni laini yako yenyewe, atakayeiskani kwanza ndo mwenye namba.

Kuhamisha kwenyewe

Simu zote mbili ziwe na chaji ya kutosha, ziwe kwenye waifai, sio bando ya laini unayoihamisha, maana katikati ya kazi hiyo laini itakata. Ziwe zimeapdetiwa. Ziweke mezani pamoja.

iPhone kwenda iPhone, zote ziwe na iOS 16 (toleo la programu ya iPhone) au zaidi na bluetooth imewashwa. Kwenye simu mpya ingia setingi, sehemu ya mtandao wa simu, bonyeza "Add eSIM", alafu chagua kuhamisha kutoka iPhone iliyo karibu. Simu ya zamani itaamka yenyewe na kukuuliza kama unakubali, inaweza kukuomba uandike namba inayoonekana kwenye ile mpya. Kubali, subiri. Utaona kwenye simu mpya mistari ya mtandao inatokea mmoja mmoja na kwenye ya zamani inapotea, na wakati huo usiguse kitu, usizime, usitoke nje ya waifai. Inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kukaa zaidi.

Samsung unapita setingi, miunganisho, sehemu ya kusimamia laini, alafu kuongeza eSIM, na matoleo mapya yana njia ya kuivuta kutoka simu nyingine. Pixel nazo mpya zinakuuliza mwanzoni kabisa wakati unaiandaa simu. Kutoka iPhone kwenda Android au kinyume chake, usipoteze muda kutafuta njia ya mkato, jipange kuomba QR mpya.

Ila ujue, hii njia ya simu kwa simu inategemea kampuni yako imeiruhusu. Isiporuhusu, simu itakwambia wasiliana na kampuni, na hapo laini bado iko salama kwenye simu ya zamani, hujaharibu kitu, rudi nyuma tu.

Ya QR iko hivi. Unaingia kwenye apu au tovuti ya kampuni, unaomba eSIM mpya kwa namba ileile, wanakuletea QR. Mara nyingi kuingia huko wanakutumia kodi, yaani namba ya kuthibitisha, kwa SMS, na hiyo SMS inaingia kwenye simu ya zamani, ndo maana nasema na nitasema tena isifutwe. QR iwe kwenye skrini nyingine, laptop au simu ya jirani, maana huwezi kuskani kwa kamera kitu kilichopo ndani ya simu hiyohiyo. Kwa iPhone yenye iOS 17.4 na kuendelea unaweza kuibonyeza ile picha kwa muda kidogo ikakuletea chaguo la kuongeza eSIM. Ikishindikana yote, chini ya QR huwa kuna maandishi ya kuandika kwa mkono, au kampuni inakupa mstari mrefu unaoanza na LPA:1$, huo ndo uleule uliopo ndani ya picha, nakili kama ulivyo, herufi kubwa na ndogo.

Dada yangu ile ya Ujerumani alifanya hivi, aliingia kwenye akaunti yake kwa laptop, akaomba eSIM nyingine, akaskani, robo saa akawa hewani.

Wakisema lazima kidole

Hapa ndo wengi mtafika kwa laini ya nyumbani, na msihamaki. Wakikujibu kwamba QR mpya inatolewa baada ya alama za vidole dukani, basi laini yako isitoke kwenye simu ya zamani mpaka siku utakayokuja. Simu ya zamani inakuwa simu ya OTP. Iache kwenye droo nyumbani, kwenye chaja mara mojamoja, romingi imewashwa, data imezimwa, na vitu vingine vyote vitumie kwenye simu mpya. WhatsApp ya namba ya nyumbani inakaa simu mpya vizuri tu, haihitaji laini iwe ndani ya simu hiyo, inataka kodi mara moja wakati wa kuisajili na hiyo kodi unaisoma kwenye ile ya droo. Tuma SMS au weka vocha mara kwa mara ili laini isionekane imekufa, maana laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba anaweza kupewa mtu mwingine.

Ukija likizo, siku ya kwanza au ya pili nenda dukani, usisubiri siku ya mwisho unapaki zabibu na karanga. Beba kitambulisho, beba simu zote mbili. Dada alishuka treni ya SGR jioni, kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni, kidole kikasomwa mara ya pili maana mara ya kwanza kilikataa kwa ukavu, akafuta mkono na kitambaa chenye maji kidogo, kikakubali, na kazi nzima haikufika nusu saa. Miezi minne tuliyoisubiri.

Na alipoulizwa anataka eSIM au kadi, akachukua kadi. Mimi nakubaliana naye na nawaambia wazi, kama unaenda kuishi nje miaka na simu yako ina tundu la kadi, laini ya nyumbani ibebe ya plastiki. eSIM iache kwa laini ya huko. Kadi ukibadilisha simu unachukua kile kisindano, unatoboa, unaitoa huku unaiweka kule, hakuna kampuni wala QR wala kidole. Kasoro yake ni kwamba inaweza kupotea au kuibiwa pamoja na simu, kwahiyo iwekee PIN ya laini. Wenye simu zisizo na tundu ndo eSIM haiepukiki, na nyie simu ya zamani itunzeni kama paspoti.

Kama umeshafuta tayari

Kwanza jua hela zako hazijapotea. Pesa za simu ziko kwenye akaunti ya namba yako, hazikukaa kwenye laini, na za benki ziko benki. Usimwombe mtu nyumbani akasajili namba hiyo kwa kidole chake, maana itakuwa yake, na siku ya kuirudisha mtasumbuana hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Wapigie kampuni ueleze, waulize kama kuna utaratibu wowote kwa aliyeko nje. Wapigie benki, waambie namba haipo hewani, uliza wanavyobadilisha namba ya OTP kwa mteja aliye mbali. Matumizi ya familia yaelekeze kwa muda kupitia mtu unayemwamini, sisi dada alikuwa ananitumia mimi kutoka Ujerumani moja kwa moja kwenye simu na mimi nalipa ada na kikoba, na kila risiti nampigia picha.

Ukishahamisha, hakikisha

Usiamini mistari ya mtandao peke yake. Zima simu mpya uiwashe. Mwambie mtu wa Tanzania akupigie na akutumie SMS ya kawaida, sio WhatsApp. Fungua apu ya benki uombe OTP, ione ikiingia kwa macho yako. Kwenye setingi zipe laini majina, moja iite Nyumbani nyingine Huku, chagua ya Huku ndo itumie data, na angalia tena kama data romingi ya Nyumbani imezimwa kwasababu simu mpya wakati mwingine inaanza upya na kuiwasha.

Alafu ikae wiki mbili. Simu ya zamani usiuze, usigawe, usirudishe dukani.

Baada ya hapo ndo uisafishe. Ukiirudisha kiwandani itakuuliza kama unataka kufuta na eSIM au kuziacha, lisome hilo swali taratibu. Kama inaenda kwa mtu mwingine na umehakikisha laini zote ziko simu mpya, futa zote. Ya dada tuliifuta pamoja mezani kwa mama siku mbili kabla hajaondoka, mama akaweka kadi yake mle ndani, na simu ya kwanza aliyopokea ilikuwa ya binti yake akiwa chumba cha pili, anapiga kwa namba ya nyumbani kuona kama inaita.